Ripoti imeandikwa IV, kingo ni safi, na mke wangu hajui lolote

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 44. Nimeoa, nina watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Kazi yangu ni ya kusimama kutwa. Nakuandikia usiku kwa sababu ndio wakati pekee ninaoupata nikiwa peke yangu.

Kwa miaka kama miwili nilikuwa na doa jeusi kwenye wayo wa mguu wa kushoto, karibu na kisigino. Halikuuma, halikuwasha. Mwanzoni nilidhani ni damu iliyovilia kwa kubanwa na kiatu, baadaye nikalihesabu kuwa sugu. Mwaka huu likaanza kutanuka upande mmoja, nyeusi hapa, kahawia pale. Siku moja nimekwenda kutibiwa kifua, nikiwa natoka nikamwonyesha daktari, basi tu. Yeye hakulidharau. Akaniandikia barua kwenda kwa bingwa wa ngozi, naye akaliondoa doa lote kwa ganzi, kinyama kikapelekwa maabara.

Majibu nilikabidhiwa kwenye bahasha pale mapokezi, daktari akiwa hayupo. Nilipaswa kuisubiri siku ya kuonana naye. Nikaifungua usiku uleule. Nakuandikia mambo yaliyomo kama nilivyoweza kuyatafsiri: melanoma (aina ya saratani ya ngozi) ya wayo, unene wa Breslow milimita 1.4, kiwango cha Clark IV, uvimbe haujachanika juu, seli zinazogawanyika 2 kwa milimita moja ya mraba, hakuna seli zilizoonekana ndani ya mishipa ya damu wala ya limfu, kingo hazina uvimbe, pT2a.

Katika yote hayo, jicho langu lilitua kwenye IV. Kila mtu anajua saratani ina hatua nne, na ya nne ndiyo ya mwisho. Tangu usiku huo sijalala usingizi wa kweli. Nimekusanya hati zangu zote kwenye faili moja, nikampigia kaka yangu mkubwa kumwambia zilipo.

Nilipoonana na daktari alizungumza labda dakika kumi. Sikumwuliza kuhusu ile IV kwa kuwa niliogopa atakalojibu. Nilichoambulia ni kwamba anataka kunipasua tena: akate pembezoni mwa lile kovu, sentimita moja hadi mbili kuzunguka, na siku hiyohiyo atoe tezi kinenani aipime. Nilitikisa kichwa tu. Sijasaini kitu. Nimepangiwa wiki mbili zijazo.

Kaka yangu, ambaye ndiye aliyenilea, hataki kusikia. Anasema saratani ikiguswa na kisu hutawanyika, na kwamba hata Bob Marley yake ilianzia kidoleni, wakaanza kumchokonoa na mwishowe ikafika kichwani. Anasema kama wenyewe wameandika kingo ni safi, basi wamemaliza, wanatafuta nini tena? Na kweli, Shangazi, hapo nakosa la kumjibu. Nimesikia pia kwamba watu wakitolewa tezi mguu huvimba maisha yote. Mimi na mguu uliovimba nitafanya kazi gani?

Halafu kuna mke wangu. Ana mimba ya miezi saba. Mwaka jana alimuuguza mama yake aliyekuwa na saratani hadi akamfumba macho. Nimemwambia nilitolewa sugu. Yeye ndiye anayenibadilishia bendeji kila Jumatano na Jumamosi, ananiosha kidonda huku akiimba polepole, na mimi namtazama utosini nikijiona mwongo. Najiambia nitamweleza mtoto akishazaliwa. Halafu najiuliza, je, nikifa kabla?

Nikubali kupasuliwa tena? Nimwambie? Na jingine ambalo sijamuuliza mtu: miaka miwili nimelikanyaga lile doa kila siku. Nimejiua mwenyewe?

Wa bendeji


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi si daktari, ila nimekaa miaka mingi na watu waliokuwa na bahasha kama yako mkononi, na huwa nawasihi wanieleze neno kwa neno kilichoandikwa. Wewe umefanya hivyo bila kuombwa, na umenirahisishia kazi.

Tuanze na ile IV, maana ndiyo unayolala nayo. Kiwango cha Clark IV si hatua ya nne. Ni vipimo viwili tofauti ambavyo kwa bahati mbaya huandikwa kwa tarakimu zilezile za Kirumi. Hatua ya nne maana yake saratani imeonekana mbali na ilikoanzia: kwenye mapafu, ini, ubongo na kadhalika. Kipande cha ngozi ya wayo chini ya hadubini hakiwezi kuonyesha jambo hilo. Aliyeandika ripoti hiyo alikuwa na kinyama chako tu mezani. Hakuyaona mapafu yako.

Fikiria watu wawili wanaopima kisima kimoja. Wa kwanza anahesabu tabaka za udongo alizopita mchimbaji: mchanga, mfinyanzi, changarawe. Wa pili anateremsha kamba na kusoma urefu. Daktari Wallace Clark, mwaka 1969, alihesabu tabaka: I ni ngozi ya juu kabisa, V ni mafuta yaliyo chini ya ngozi, na IV ni tabaka la ndani la ngozi yenyewe kabla ya kufika kwenye mafuta. Mwaka uliofuata, 1970, Alexander Breslow akaja na kamba: pima kwa milimita, kuanzia sehemu ya juu ya ngozi hadi seli ya saratani iliyozama zaidi. Kamba ikashinda, kwa sababu ngozi ya wayo na ngozi ya kope hazilingani, na kuhesabu tabaka kulileta mabishano. Mwongozo wa kupanga hatua unaotumiwa na hospitali nyingi duniani, toleo la nane lililoanza kutumika 2018, hauitazami kabisa namba ya Clark. Wataalamu wengi wa maabara bado huiandika kwa mazoea, na mimi naona ni mazoea yanayowatia watu hofu isiyo na sababu.

Namba ya kuishika ni 1.4. Melanoma isiyozidi milimita 1 huwekwa kundi la kwanza la unene. Ikizidi 1 hadi 2, la pili. Ikizidi 2 hadi 4, la tatu. Zaidi ya hapo, la nne. Yako ni ya pili, ndiyo T2. Ile "a" inasema ngozi iliyoufunika uvimbe haikuwa imechanika, na hiyo ni habari njema, maana uvimbe uliochanika hupandishwa daraja. Ile "p" inamaanisha kipimo kimechukuliwa kwenye kinyama chenyewe, hakikukisiwa kwa macho. Zile seli 2 zinazogawanyika zinaonyesha kwamba uvimbe ulikuwa unakua. Daktari huzingatia hilo, lakini halibadilishi herufi wala namba yako.

Kwa hiyo ripoti imeueleza uvimbe uliokwisha kutolewa mguuni mwako. Haijasema kama kuna kilichotoka humo kikaenda kwingine, na hatua haijulikani mpaka hapo. Tezi zikikutwa hazina kitu, pT2a huhesabiwa hatua ya IB, yaani bado ndani ya hatua ya kwanza. Zikikutwa na seli, hata chache, inakuwa hatua ya tatu. Sitaki kukupa faraja ya uongo: milimita 1.4 si kitu cha kupuuza, na melanoma za nyayo, viganja na chini ya kucha kwa ujumla huwa na mwenendo mgumu kuliko za sehemu nyingine zenye unene uleule. Lakini kati ya hapo ulipo na faili la hati ulilolipanga usiku kuna safari ndefu, na wewe umeiruka yote kwa sababu ya herufi mbili.

Sasa swali la kaka yako: kingo zikiwa safi, wanakata nini tena? Ni swali la mtu mwenye akili, na nasikitika kwamba dakika kumi hazikutosha kulijibu. Daktari alipoondoa lile doa alikuwa anatafuta jina la ugonjwa. Katika upasuaji wa namna hiyo huachwa ukingo mwembamba sana, milimita chache tu. Kingo safi zinasema kwamba pale kisu kilipopita hapakuonekana seli za saratani. Hazisemi kwamba sentimita moja mbele hakuna. Melanoma ina tabia ya kuacha visiwa vidogo vya seli pembeni yake, visivyoonekana kwa macho na visivyoungana na uvimbe mkuu. Ukataji wa pili unavifuata hivyo, na kwa unene kama wako kipimo kinachopendekezwa ni hicho ulichotajiwa, sentimita 1 hadi 2. Lengo lake ni kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi palepale. Mara nyingi kipande kinachotolewa hakikutwi na kitu, na mgonjwa hujiona kakatwa bure.

Kwenye wayo gharama ya hilo ni ya kweli, na wewe wa kusimama kutwa una haki ya kuiulizia kwa kina. Ngozi ya hapo haivutiki. Huenda wakalazimika kupandikiza ngozi kutoka sehemu nyingine, na kidonda cha wayo hupona polepole. Yawezekana ukakaa wiki kadhaa bila kuukanyagia mguu. Muulize daktari moja kwa moja: unakusudia sentimita moja au mbili, na kwa nini? Utafungaje kidonda? Nitarudi kazini lini, na nikirudi nitaweza kusimama saa ngapi? Kati ya sentimita 1 na 2 kuna nafasi ya mazungumzo, na kazi yako ni sehemu ya mazungumzo hayo.

Suala la tezi ni jingine, ingawa umeambiwa yote kwa pumzi moja. Majimaji ya limfu ya mguuni hupanda hadi kinenani, kwenye zile tezi ambazo mtu akiwa na kidonda mguuni huvimba tukasema ana mtoki. Seli za melanoma zikisafiri, mara nyingi hupumzika kwanza kwenye tezi ya mwanzo njiani. Daktari huchoma dawa ya rangi pamoja na chembe kidogo ya mnururisho pale penye kovu, anafuatilia inakokwenda, kisha anatoa ile tezi moja au mbili za kwanza tu. Kinachovimbisha mguu wa watu uliowasikia, mara nyingi, ni kuondolewa tezi zote za kinena. Kutoa ya kwanza tu kuna hatari ndogo zaidi ya uvimbe, japo si sifuri. Kuna pia uwezekano wa majimaji kukusanyika, maambukizi, ganzi ya ngozi, na mara chache mzio wa ile dawa ya rangi. Na hata tezi hiyo ikikutwa na seli, siku hizi si lazima nyingine zote zitolewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 uliwalinganisha waliotolewa zote na waliofuatiliwa kwa ultrasaundi, na kuzitoa zote hakukuongeza maisha. Kulichoongeza ni miguu na mikono iliyovimba.

Upande wa pili wa mzani ni huu: kutoa tezi ya kwanza nako hakujathibitika kurefusha maisha ya kila anayefanyiwa. Thamani yake kubwa ni kujua ulipo, na kujua huko ndiko kunakofungua au kufunga mlango wa dawa za kuamsha kinga ya mwili, ambazo hujadiliwa na mgonjwa ambaye tezi zake zimeguswa. Kuna watu wanaotaka kujua ili wapange. Kuna wengine ambao kujua kungewanyima usingizi bila kubadilisha uamuzi wao, hasa mahali ambapo dawa zenyewe hazipatikani. Muulize daktari: nikikutwa na seli, ni kitu gani utanifanyia ambacho hungenifanyia nisipokutwa nazo? Jibu lake litakusaidia kuliko maneno yangu.

Ila kuna jambo moja la muda. Kutafuta tezi hiyo kunategemea njia za limfu zinazotoka pale penye kovu. Ukikubali ukataji mpana sasa na kusema tezi utaifikiria mwakani, njia hizo zitakuwa zimevurugwa na kipimo hakitaaminika vilevile. Ndiyo maana alivitaja vyote viwili kwa siku moja. Kama unahitaji siku chache zaidi za kufikiri, mwombe. Wiki moja au mbili za kuuliza vizuri si sawa na kukaa kimya miezi sita. Unaweza pia kuomba vioo vya kinyama chako visomwe na mtaalamu wa pili wa patholojia ya ngozi. Maabara huvihifadhi, ombi hilo ni la kawaida, na daktari mzuri halioni kuwa tusi.

Kaka yako simlaumu. Amekulea, anaogopa, na hofu yake imevaa nguo ya busara. Imani kwamba kisu hutawanya saratani ina chanzo chake: watu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea, wanapasuliwa, wanakufa baada ya muda mfupi, na kisu ndicho kinachokumbukwa. Kwa melanoma, kuchukua kinyama hakujaonekana kuzidisha ugonjwa. Na kisa cha Bob Marley amekipata nusu. Mwaka 1977 ilipogundulika melanoma kwenye kidole chake cha mguu, alishauriwa kidole kikatwe, akakataa. Akafanyiwa upasuaji mdogo, wakaondoa ukucha na nyama ya chini yake, wakapandikiza ngozi. Alifariki Mei 1981, akiwa na miaka 36. Siwezi kusema angekatwa kidole angepona, hakuna ajuaye. Ninachoweza kusema ni kwamba kisa hicho hakimsaidii kaka katika hoja yake, na kwamba enzi hizo hakikuwapo hata kipimo cha tezi ya kwanza, ambacho kilielezwa kwa melanoma mwaka 1992. Mbona usimwombe aende nawe kwa daktari? Maswali anayo tayari, na masikio mawili ya ziada yatafaa. Usimwite ili umshinde.

Nimeacha mke wako mwisho kwa kuwa hapo ndipo barua yako iliponishika.

Unasema unamlinda. Naamini. Lakini nakuomba ujiulize polepole: ni yeye unayemlinda na habari, au ni wewe unayejilinda na uso wake atakapoisikia? Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, wala si aibu. Jiulize pia kama kweli hajui lolote. Mwanamke aliyemuuguza mama yake hadi mwisho ameshaona vidonda vingi. Anakuosha mara mbili kwa wiki, halali mbali na wewe ambaye hulali, na labda anaimba kwa sababu anasubiri useme. Labda sivyo. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kumwambia sasa kuna hatari: ana mimba ya miezi saba, msiba wake bado mbichi, na neno saratani litamrudisha kwenye kile chumba. Kusubiri nako kuna hatari: wiki mbili zijazo utarudi nyumbani na kidonda kikubwa zaidi na kingine kinenani, na sugu haitolewi mara mbili. Akilijua kwa mtu mwingine, au kwa karatasi iliyoanguka, atakuwa na mambo mawili ya kubeba: ugonjwa, na kwamba ulimficha. Baina ya kusema yote na kunyamaza kuna njia nyingine. Wapo wanaosema kwanza lililo hakika tu: doa lile lilikuwa saratani ya ngozi, limetolewa, daktari anataka kuhakikisha halijaacha kitu, na mimi naogopa. Wapo wanaokwenda na mwenzao kwa daktari ili maelezo yatoke kwa mtu asiyetetemeka. Wapo wanaomshirikisha kwanza mkunga wake, wakijua kuna wa kumwangalia baada ya habari. Na wapo waliosubiri majibu ya tezi, nao niliwahi kukaa nao. Baadhi walishukuru, baadhi walijuta. Sitakuchagulia. Ila ukifika siku ya kusema, usimpe ile IV. Mpe 1.4, na maana yake.

Na miaka miwili. Mwanangu, doa kwenye wayo usioutazama, lisilouma, mahali ambapo sugu na damu iliyovilia ni vitu vya kila siku. Hata wahudumu wa afya huichukulia melanoma ya wayo kuwa sugu, fangasi au kidonda kisichopona. Wengi wetu tumekua tukiamini ni ugonjwa wa watu weupe na wa jua kali, kumbe hii ya nyayo na viganja haihusiani na jua, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi ndiyo aina inayotupata zaidi. Siwezi kukuambia kuchelewa hakuna uzito wowote. Huenda lingekuwa jembamba zaidi mwaka juzi. Lakini siku ile ulipokuwa unatoka kwa daktari wa kifua uligeuka, ukavua kiatu. Hakuna aliyekutuma. Ukiwa unajishtaki, iweke na siku hiyo kwenye ushahidi.

Tazama na wayo wa kulia, na kucha, na katikati ya vidole, utakapokuwa unaoga. Na ukipata nafasi, niandikie majibu ya tezi yatakapotoka, na uniambie Jumamosi ilikwendaje.